Saa Iliyokwenda Taveta na Kurudi

Sifa zimrudie Mungu, aliyeiumba nuru kabla ya jicho la kuiona, akaipa mwendo wake na kuikataza kuuongeza au kuupunguza. Namshukuru kwa miaka ishirini na mitano aliyonisimamisha mbele ya ubao wa shule moja ya sekondari katika milima ya Taita, juu kidogo ya Wundanyi, bila sauti kunikauka wala subira kuniishia kabisa. Namshukuru kwa wanafunzi walioniuliza nisiyoyajua. Zaidi namshukuru kwa mmoja wao, na habari zake nitazifikia.

Ninyi walimu vijana mliobaki pale mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechoka njiani. Mshahara nao mnaujua, kwa sababu haujabadilika sana. Nitaandika juu ya kazi yenyewe.

Nilifika shuleni miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya na kila kijiji kikitaka sekondari yake. Wazazi wetu walikuwa wamebeba mawe kichwani kutoka mtoni, wakajenga madarasa manne na ghala la mahindi. Mwalimu Mkuu, Bwana Zakayo, mtu mrefu asiyecheka mbele ya wanafunzi, alinipeleka kwenye ghala hilo asubuhi yangu ya kwanza. Akafungua mlango kwa bega.

"Bwana Mwalimu, maabara ya Fizikia ndiyo hii."

Nilimwambia naona panya.

"Hao ni wa Baiolojia," akasema, akaondoka.

Ndani kulikuwa na mizani moja, mche wa kioo uliokatika kona, kipimajoto kimoja, na sumaku mbili ambazo hazikuvutana sana, kama wakwe waliogombana. Madirisha hayakuwa na vioo. Ukungu wa asubuhi uliingia ukakaa nasi hadi saa nne. Nilifundisha hivyo hivyo. Mambo ya mwanga nilifundisha kwa ule mche, na mengine yote kwa maneno na kwa mikono.

Aliyenifundisha kuheshimu vyombo hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa Mzee Nyambu, fundi saa wa Kaloleni pale Voi. Alikuwa na meza ndogo kwenye baraza, lenzi nyeusi ya kubana jichoni, na bisibisi nyembamba alizozipanga kwa urefu kama watoto wa nyumba moja. Likizo nyingi nilishuka Voi nikakaa pembeni yake. Alinionyesha kigurudumu kidogo kinachokwenda na kurudi ndani ya saa, na springi iliyo nyembamba kama unywele inayokirudisha. Alikuwa akisema, "Saa ina maadui watatu, mwanangu. Vumbi, joto, na mwenyewe." Mimi niliandika hayo kwenye daftari. Kuandika na kusikia ni vitu viwili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha tatu waliochagua Fizikia. Shule ilikuwa bado haijaruhusiwa kuwatahini wanafunzi katika somo hilo. Mkaguzi kutoka Mombasa angekuja kututazama, naye ndiye angeamua. Akikataa, wale kumi na wanne wangeliacha somo wakiwa katikati, na njia ya uhandisi, ya udaktari, na ya vyuo vingi vya ufundi ingefungwa mbele yao. Shule nyingine ya kuwapokea haikuwepo.

Miongoni mwao alikuwa Mkamburi. Mama yake alilima kabeji kwenye matuta ya mlimani, na binti alikuja shuleni na udongo kwenye visigino. Hakuwa mwepesi wa kunyoosha mkono. Akiunyoosha, nilikaa kwanza.

Siku moja akauliza, "Mwalimu, ni kweli mtu akienda mbio sana anazeeka polepole?"

Darasa likacheka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Basi nyanya yangu tumkatie tikiti ya gari moshi la Taveta, asishuke."

Swali hilo halikuwa kwenye mtihani. Lakini nilikuwa nimejifunza jambo hilo chuoni na halikuwahi kunitoka rohoni, kwa hiyo nilichukua chaki. Nikachora behewa. Ndani ya behewa nikachora nuru inayoruka kutoka sakafuni hadi darini na kurudi, juu na chini, kama mpira. Nikawaambia, tuseme kila mruko ni mlio mmoja wa saa. Abiria aliyeketi ndani anaiona nuru ikipanda wima. Lakini mtu aliyesimama stesheni ya Maktau, gari likimpita, anaiona nuru hiyo ikipanda kwa mshazari, kwa sababu wakati inapopanda behewa nalo linasonga mbele.

"Mnajua ile njia ya mkato inayopanda wima kutoka mtoni hadi kanisani?" nikawauliza. "Na barabara ya magari yenye kona? Ipi ndefu?"

"Ya kona, Mwalimu."

"Mtu asiyeweza kuongeza mwendo, akipita barabara ya kona, atafika saa ngapi?"

"Atachelewa."

"Nuru ndiyo huyo mtu. Mungu ameipa mwendo mmoja tu, haiongezi hata ikisukumwa. Kwa hiyo yule wa Maktau anaona kila mlio wa saa ya garini unachukua muda mrefu zaidi. Wakati wenyewe ndani ya gari umekwenda polepole. Na abiria hana habari, kwa sababu moyo wake na mawazo yake na ndevu zake vyote vinafuata saa hiyo hiyo."

Kalamu zikaanza kunakili behewa. 

Jumapili mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono nje ya ibada, akaniuliza kama ninafundisha watoto mambo yasiyopatana na imani. Nilimjibu kwamba tangu utotoni tunahubiriwa kuwa Mungu hahesabu siku kama sisi, na kwamba mimi nimeongeza hesabu tu. Akaniuliza bei ya kabeji Wundanyi. Nikajua nimesamehewa.

Hapo ningeacha. Lakini nilikuwa nimesoma kwenye gazeti la kisayansi kwamba wataalamu wa ng'ambo walizungusha saa za ajabu duniani kwa ndege, wakazilinganisha na zilizobaki chini, na tofauti ikaonekana. Nikajiambia, wao wana ndege, sisi tuna gari moshi. Ninaandika hivi nikiwa na mvi, na bado uso unaniwaka moto.

Mzee Nyambu aliniazima saa mbili za kengele za aina moja. Niliziweka pamoja kwenye rafu ya maabara wiki nzima, nikizirekebisha mpaka zikapatana. Likizo ya Aprili nikaacha moja rafuni, Mwalimu Mkuu akiitia ufunguo kila asubuhi. Nyingine niliifunga kwa taulo nikashuka nayo Voi, nikapanda gari moshi la Taveta, daraja la tatu, nikaipakata njia nzima. Mama mmoja aliyepanda Mwatate na kuku wawili alinitazama hadi Bura, kisha akauliza, "Mwalimu, huyo ni mtoto wa miezi mingapi?"

Nililala kwa binamu yangu huko Mahoo, karibu na Taveta. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mimi sisafiri Jumapili, kwa hiyo nilikwenda kanisani na saa yangu. Nilikuwa nimesahau kufunga kengele. Ililia katikati ya mahubiri. Mhubiri alidhani ni ishara yake ya kumaliza, akamaliza, na watu wa Mahoo walinishukuru sana mlangoni.

Niliporudi mlimani, saa iliyosafiri ilikuwa nyuma ya mwenzake kwa sekunde arobaini. Nilizilinganisha mara tatu. Ilikuwa nyuma, si mbele, kama kanuni inavyosema. Shule ilipofunguliwa niliwaonyesha wanafunzi, nikaandika matokeo kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nyekundu: WAKATI WA MSAFIRI HUPUNGUA. TUMETHIBITISHA. Nikaibandika ukutani. Mwalimu Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisimama mbele yake akiwa ameweka mikono nyuma. Jioni hiyo alimwandikia mkaguzi barua kwamba shule yetu ndogo ina jaribio ambalo angependa kulitazama.

Wiki tatu baadaye, mkaguzi akiwa amebakiza siku sita, Mkamburi alinifuata maabara baada ya masomo. Alikuwa na karatasi mbili zilizojaa hesabu.

"Mwalimu, kuna mahali nimekosea. Nisaidie kupaona."

Alikuwa amechukua kanuni niliyoiandika ubaoni na mwendo wa gari la Taveta, kilomita arobaini kwa saa likiwa na nguvu. Kisha akatafuta gari lingekimbia kwa muda gani ili saa ibaki nyuma sekunde arobaini. Chini ya ukurasa palikuwa na jibu: karibu miaka milioni elfu mbili.

Nilipitia mstari kwa mstari. Nikapitia tena. Nikachukua kitabu cha majedwali ya logi nikapitia mara ya tatu, huku yeye amesimama, mikono nyuma.

"Hukukosea," nikamwambia.

"Lakini Mwalimu, hata lisiposimama Mwatate."

"Hata lisiposimama Mwatate."

Akatazama karatasi ya manila, kisha chini. "Basi nani amekosea?"

"Mimi."

Hakufurahi. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Nimeona wanafunzi wakimkamata mwalimu na kosa wakang'aa kama sufuria mpya. Yeye alikuwa na huzuni, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Tulikaa. Ukungu ukaanza kuingia dirishani. Ndipo akasema polepole, "Mwalimu, saa ilikwenda mbio, sawa. Lakini pia ilikwenda Taveta."

"Ndiyo, Taveta."

"Taveta kuna joto."

Nililiona daftari langu la Kaloleni waziwazi, na neno la pili kati ya yale matatu. Saa iliyobaki ilikuwa kwenye ubaridi wetu. Ile nyingine ilishinda siku tatu kwenye jua la bondeni, ikitikiswa kwenye reli juu ya magoti yangu. Joto lililegeza springi yake, basi. Msafiri yeyote angechelewa, hata kama angekwenda kwa miguu.

"Tufanyeje?" nikamuuliza. Na nilikuwa namuuliza kweli.

"Isafiri tena, Mwalimu. Lakini isiende popote."

Asubuhi yake tukaipeleka saa ile ile jikoni mwa shule, kwenye rafu iliyo juu ya meko, mahali pa kukaushia mahindi. Mpishi wetu, Mama Wawuda, aliitazama akiwa ameshika mwiko. "Mwalimu, na hii iive kiasi gani?" Nikamwambia siku tatu. "Mtakula nyinyi," akasema. Baada ya siku tatu ilikuwa nyuma ya mwenzake sekunde thelathini na saba, na haikuwa imepanda gari lolote.

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Zakayo nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mkaguzi anakuja kesho kutwa."

"Ndiyo, bwana."

"Anakuja kuangalia kama tunaweza kufundisha Fizikia. Nimemwandikia kwamba tumethibitisha. Sasa wewe unataka tumwambie tulichothibitisha ni kwamba jikoni kuna joto?"

"Ndivyo ilivyo, bwana."

"Ile karatasi ing'oe. Mwonyeshe mche wa kioo. Atauliza kuhusu barua, nitasema saa ziliharibika. Na kweli ziliharibika." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Bwana Mwalimu, sifikirii jina langu. Nawafikiria wale kumi na wanne."

Mimi pia nilikuwa nawafikiria. Nilimwomba anipe hadi asubuhi. Nikapita kanisani, nikapiga magoti kwenye benchi la nyuma. Sikusikia sauti yoyote, na sijawahi kuisikia maishani. Ila nilipokuwa nimepiga magoti niliona wazi kitu kimoja: Mkamburi angekuwa amekaa palepale darasani, akijua, nikimwonyesha mkaguzi mche wa kioo. Angejifunza somo siku hiyo, na mimi ndiye ningekuwa nimelifundisha.

Asubuhi nikamwambia Mwalimu Mkuu sitaing'oa karatasi. Nitaongeza ya pili pembeni yake. "Ukianguka," akasema, "anguka karibu nami, tuonekane tulikuwa wawili." Akaenda stoo kuniletea manila.

Karatasi ya pili aliiandika Mkamburi kwa mkono wake. Juu aliandika: TULIKOSEA. SABABU NI HIZI.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kijivu lisilofaa jua la Mombasa lakini lililomfaa sana kwetu. Alifungua kabati, akahesabu vyombo, jambo lisilomchukua muda. Akabonyeza mizani kwa kidole. Kisha akasimama mbele ya karatasi mbili. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akarudi kwenye ya kwanza.

Aligeuka. "Nani alimwambia mwalimu kwamba amekosea?"

Nilitaka kujibu, lakini nilijua si swali langu. Mkamburi akasimama. "Ni mimi, bwana."

"Akakuchapa?"

"Hapana, bwana. Alisema tuipeleke saa jikoni."

Bwana Zakayo, aliyesimama mlangoni, alitazama dari.

Mkaguzi akampa chaki. "Nieleze. Kwa nini wakati wa msafiri ubadilike hata kidogo?"

Akachora behewa. Akachora nuru ikipanda wima, na nuru ikipanda mshazari, na akaeleza ile njia ya mkato na barabara ya kona kwa Kiingereza kilichosimama sawasawa, nami ninakiandika hapa kwa lugha yetu. Mkaguzi alimsubiri amalize.

"Lakini jaribio lenu lilishindwa. Kwa hiyo garini hakuna tofauti yoyote."

Huo ulikuwa mtego, nami nikashika ukingo wa meza.

"Ipo, bwana," akasema Mkamburi. "Mwalimu alirudi kutoka Taveta akiwa mdogo kidogo kuliko ambavyo angekuwa kama angebaki. Saa zetu ndizo haziwezi kuiona. Kosa la saa halifuti ukweli, na ukweli hauponyi kosa la saa."

"Na ili tuione kwa macho?"

Alifikiri. Akageukia ubao, akafanya hesabu fupi. "Nina mdogo wangu, nimemtangulia miaka miwili. Nikisafiri kwa mwendo ulio sehemu nne kwa tano za mwendo wa nuru, nikakaa safarini miaka mitatu kwa saa yangu, huku nyumbani itakuwa imepita mitano. Nitakaporudi tutakuwa rika moja."

Mkaguzi akasoma hesabu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, "Na heshima itakuwaje hapo? Nani atamwamkia mwenzake?"

"Yeye ataniamkia mimi, bwana. Nilizaliwa kwanza."

Hapo mkaguzi alicheka, na darasa likaona ruhusa ya kucheka, hata Bwana Zakayo akacheka mbele ya wanafunzi, nao wakanyamaza kumtazama, kwa maana hawakuwahi kuliona jambo hilo.

Kule nje mkaguzi alisimama nasi wawili kando ya gari lake. "Mwalimu Mkuu, maabara yako ni mbaya," akasema. "Mtatafuta vioo vya madirisha, na mizani nyingine. Lakini nimekagua shule zenye maabara nzuri ambako kila jaribio hufaulu, na huko ndiko ninakoogopa. Hawa watafanya mtihani."

Bwana Zakayo alimshukuru kwa utulivu wa mtu anayepewa chumvi. Gari lilipopotea kwenye kona ya pili, alinishika mkono akaukaza, akaniongoza hivyo mpaka ofisini.

Wazazi walileta vioo kabla ya mwezi kuisha. Saa nilizirudisha Kaloleni. Mzee Nyambu alisikiliza kisa chote bila kutoa lenzi jichoni. "Nilikutajia maadui watatu," akasema. "Joto umelijua. Mwenyewe je?" Nikamwambia huyo ndiye aliyenisumbua zaidi. Akaitia saa mafuta, akakataa malipo.

Mwaka uliofuata wote kumi na wanne walikaa mtihani wa Fizikia, wa kwanza katika shule yetu. Matokeo yalipofika Bwana Zakayo alipiga kengele ya shule katikati ya kipindi, jambo ambalo angemfukuzia mwanafunzi. Alisoma majina uwanjani, moja moja, na hakuna hata mmoja aliyekosa. Walikaa kumi na wanne, wakafaulu kumi na wanne. Mama yake Mkamburi aliacha jembe kwenye tuta akaja vile alivyokuwa, na akina mama wa njiani wakamfuata wakiimba kwa Kidawida, lugha ya Wataita, hata tulipofungua mlango wa maabara hapakuwa na pa kusimama. Mkamburi aliendelea hadi chuo kikuu. Leo ni mhandisi, na bado akiniandikia anaanza kwa kuuliza kama kuna mahali amekosea.

Ninyi mnaosoma haya, hasa mnaoshika chaki, Mungu awape afya ya koo na miguu, na vyombo bora kuliko vyangu. Awape mwanafunzi atakayewapita, awape macho ya kumwona akiwa bado ameketi, na siku atakapowaletea karatasi mkononi, awajalie neno lile dogo la kumjibu kwamba hakukosea. Amina.